Barua ya Kuhamia kwa Mama Hans

Chumba nilikipata Ngarenaro, wiki ya kwanza ya Desemba. Kilikuwa ndani ya uwanja wenye vyumba saba, nyuma ya fundi anayechomelea mageti. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nusu, kama vile mpakaji aliitwa mahali akaenda asirudi. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nzito, na ulikuwa na kitasa. Mama mwenye nyumba alinionyesha dirisha, akanionyesha pa kuweka jiko, na mimi muda wote nilikuwa mlangoni nazungusha ufunguo, nafunga, nafungua.

"Kitasa ni kizima, dada," akaniambia. "Usije ukakiua kabla hujalipa."

Huyo ndiye Mama Hans. Alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wa mjini. Mimi nilikuwa na ya miezi minne. Siku hizo sikuwa nahesabu fedha kwa shilingi tena, nilikuwa nahesabu kwa miezi. Tangu Agosti nilikuwa nachambua kahawa kiwandani. Tunakaa kina mama mezani, kahawa inamwagwa mbele yetu, tunatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kahawa ikiisha, na kazi imeisha mpaka msimu mwingine. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Jambo la pili alilotaka ni barua ya kanisa. Alinieleza kwamba mpangaji aliyetoka kwenye chumba hicho alikuwa mke wa mtu, na huyo mume alikuja siku moja akavunja dirisha akitafuta mke wake. Yeye ni mjane, hana nguvu ya kugombana na waume za watu. Kwa hiyo nilete barua inayosema mimi ni nani na natoka wapi, pamoja na miezi sita, ifikapo Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ikipita Jumamosi, anampa mwingine.

Niseme sasa kwa nini nilikuwa natafuta chumba.

Nyumba yetu iko Akheri, katikati ya migomba. Baba alipofariki, nyumba na shamba vilibaki kwa Yoeli mdogo wangu, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba wa kiume, na ndivyo ilivyo kwetu. Mimi nilizalia nyumbani. Binti yangu Prisca ana miaka tisa. Tulikuwa tunalala na mama chumba cha nyuma, na mlango wa chumba hicho ni pazia. Sikulalamika. Pazia linatosha kama watu ni wa nyumbani.

Halafu akaja Calvin. Calvin ananunua ndizi kwa lori dogo, anapeleka Dar es Salaam. Alimnunulia Yoeli pikipiki, akawa analipwa kidogo kidogo kwa mikungu, na kila akipanda kuchukua ndizi anakaa barazani kwetu mpaka jioni. Mwezi wa tisa alianza kumletea Prisca biskuti. Mwezi wa kumi akawa anamwita mchumba, anamwambia akae mapajani amsaidie kuhesabu chenji. Mwezi wa kumi na moja Prisca akaanza kwenda chooni kwa kuzunguka nyuma ya zizi, kwenye matope, na njia ya barazani ni fupi na kavu. Hakuniambia kitu. Nilimwona tu anavyopita, viatu mkononi.

Nilimwambia Yoeli. Akacheka, akasema huo ni utani, Calvin ana watoto wake watatu, anapenda watoto. Wiki ile ile akatangaza wakati wa kula kwamba baada ya Krismasi Calvin atahamia kwetu, atapewa chumba cha mbele, maana amechoka kulala gesti. Prisca ni mkubwa sasa, akasema, atakuwa anampelekea maji ya kuoga. Brenda, mke wa Yoeli, aliendelea kumlisha mtoto. Mama aliendelea kumenya ndizi. Baadaye, tukiwa wawili, mama aliniambia kwamba pikipiki ile ndiyo inayotulisha sote, na mimi nisilete maneno. Alisema bila kunitazama usoni.

Ndiyo nikaanza kushuka Ngarenaro kila nikitoka kazini, naulizia vyumba.

Barua nilikwenda kuiomba kwa Mzee Mika, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Nilimkuta anapogoa kahawa. Nikamwamkia, nikamwambia nahama, nataka barua. Akauliza nahamia kwa nani. Nikasema kwa Mama Hans, Ngarenaro. Akauliza kama ni watu wa kanisa. Nikasema ndiyo, ni Walutheri kama sisi. Akaweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatabasamu kama mtu aliyeletewa mgeni. Akasema Mungu ni mwema, hachoki. Mimi nikadhani amefurahi kwa sababu nahamia mahali penye kanisa. Barua akasema nitaipata Jumapili baada ya ibada.

Mimi nimezaliwa huku na ningepaswa kujua. Msichana wa kwetu hatoki nyumbani kwenda kupanga. Anatoka kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu, au anatoka kuolewa. Na mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ukisema unahamia kwa Mama Hans, basi umeshasema na jina la bwana harusi. Mzee Mika hakukosea. Aliandika alichokielewa, na mtu yeyote wa Akheri angeelewa hivyo hivyo.

Jumapili, wakati wa matangazo, katibu alisoma mambo ya mnada wa mavuno, akasoma wagonjwa, halafu akasoma jina langu. Dada yetu Tabea anatuaga, anahamia Ngarenaro kwa Mama Hans. Kanisa linamtakia baraka katika maisha yake mapya. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilikaa pale na kitabu cha nyimbo mkononi, nikageuka kutazama nani anaolewa.

Hakuna aliyeuliza mbona ndoa haikutangazwa mara tatu. Aliyezalia nyumbani watu hawamdai mambo mengi. Anakwenda kwanza, ndoa itabarikiwa baadaye. Nje, mnada ukiendelea, watu wananunua ndizi na mayai, walikuja kunishika mkono. Mama Maria, mwenyekiti wa kina mama, alinikumbatia. Nilifungua kinywa nimwambie. Yeye akawahi kusema kwamba Alhamisi watakuja nyumbani kuniaga, sendofu ndogo tu, kila mtu na alichojaliwa, na bahasha itapitishwa. Nikafunga kinywa.

Hapo ndipo kosa lilipoacha kuwa la Mzee Mika likawa langu.

Yoeli hakukasirika hata kidogo. Njia nzima alitembea mbele akipiga mluzi. Akaniuliza huyo Hans anafanya kazi gani, nikasema ni fundi wa mageti. Akauliza mahari lini, nikasema baada ya mwaka mpya. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa shida. Wa pili ulijitokea wenyewe. Mama hakuniuliza kitu siku zote nne. Alinitazama tu, hasa nikiwa nakula.

Sikuona aibu siku zile. Nilikuwa nachambua kahawa na kichwani naona masufuria. Masufuria mapya matatu ni nusu mwezi. Kitenge ni robo mwezi. Nilishapanga nitaviuza soko la Kilombero, hapo mjini, Ijumaa, na Jumamosi asubuhi niwe kwa Mama Hans na miezi yangu sita. Nilimwona Prisca ameshalala nyuma ya mlango ule wa mbao.

Alhamisi walikuja kina mama kumi na wanne, wanaimba tangu njiani. Wakakaa uani kwenye viti vya kuazima. Walileta masufuria yaliyoingiliana, vitenge viwili, chupa ya chai, blanketi na jogoo aliyefungwa miguu. Kila mmoja alikuja kunipa mkononi, akaninong'oneza ushauri wake. Mmoja akaniambia mume usimzoeshe nyama kila siku, ataona maharage ni matusi. Tulicheka. Nilicheka kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Barazani Yoeli na Calvin walikuwa wamekalia kreti, wanakula nyama. Prisca alikuwa anapitisha chai.

Mwisho Mama Maria akaniwekea bahasha magotini. Nikaishika, na kwa unene wake nikajua mwezi na nusu umo. Kwa vile vitu vingine, sita ilikuwa imetimia.

Yoeli akasimama kushukuru kama mwanamume wa nyumba. Aliongea vizuri, Yoeli anajua kuongea. Akawashukuru kina mama, akamshukuru marehemu baba. Kisha akasema:

"Na upande wa mume wasiwe na wasiwasi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani ni wa nyumbani. Dada yangu ataenda kwa mume wake mwepesi, bila mzigo. Prisca anabaki hapa kwetu. Atamsaidia bibi yake, na sisi wajomba tutamlea."

Kina mama wakampigia makofi. Walikuwa na haki. Wajomba wengi wanamfukuza mtoto wa namna hiyo amfuate mama yake, wanaume wengi hawamtaki, mtoto anakuwa wa njiani. Waliona Yoeli ana moyo. Calvin naye aliweka mfupa chini akapiga makofi.

Nikamtazama Prisca. Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili. Hakulia wala hakunitazama. Alianza kurudi nyuma pole pole, kuelekea zizini.

"Hakuna mume," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Mama Maria akainama. "Unasemaje, mwanangu?"

"Hakuna mume, mama. Mama Hans ni mwenye nyumba. Nimepata chumba cha kupanga. Huyo Hans sijawahi kumwona."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha wa bibi harusi. Akakuta anacheka peke yake.

"Na siku nne zote hizi umekaa kimya," akasema Mama Maria.

"Nilikuwa nimepungukiwa kodi ya miezi miwili."

Yoeli alishuka barazani. Alikuwa bado anatabasamu, uso haujapata habari. "Dada, una kwenu. Unakwenda kupanga kwa sababu gani? Umekosa nini hapa?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema kazi iko mbali. Lakini nilishaona kwamba uongo niliokuwa nao ulikuwa umemchukua Prisca mikononi mwangu dakika ile ile uliponipa kodi, na sikuwa na hamu ya kujaribu mwingine.

"Simwachi Prisca kwenye nyumba atakayolala Calvin," nikasema.

Jogoo alikuwa anapapatika chini ya kiti cha mtu. Calvin alifuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja. "Dada yetu kahawa imemchosha," akasema. Wawili watatu wakacheka kidogo, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi zaidi. Lakini Mama Maria alikuwa amegeuka anamtazama Prisca, ambaye alishafika zizini, amesimama kwenye matope na birika lake. Alimtazama muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono akachukua bahasha magotini mwangu.

"Hii ilichangwa kwa ajili ya bibi harusi," akasema. "Siwezi kurudi kwa wenzangu waliochanga niseme vingine."

Hakusema kwa ubaya. Akarudisha sufuria ndani ya sufuria. Mwingine akakunja vitenge. Blanketi likaondoka, chupa ya chai ikaondoka, hata jogoo alibebwa akarudi alikotoka. Hakuna aliyeimba. Sikuwalaumu, na sasa siwalaumu. Ila nilingoja mmoja wao, mmoja tu, amwambie Calvin neno. Walipita mbele yake wakiwa wameinamisha vichwa, na wengine wakamwambia kwaheri.

Yoeli alingoja wa mwisho apite. "Umenivua nguo mbele ya kanisa," akasema. "Ukishuka na huyo mtoto, usipande tena. Si leo, si msibani."

Mama alikuwa ameingia ndani. Alitoka na mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na sare ya shule ya Prisca, madaftari yake na kadi ya kliniki. Akauweka kwenye mkono wangu, akanipita, akaanza kuokota vikombe. Nilimwambia mama, twende. Akasema vikombe ni vya watu, vinahesabiwa.

Tulishuka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Prisca alikuwa bado ana birika. Nilimrudisha alitundike kwenye uzio wa jirani.

Mama Hans nilimkuta jioni ile ile uwanjani, anapepeta mchele. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Fundi wa mageti alikuwa anachomelea, cheche zinaruka juu ya ukuta. Mama Hans akangoja mashine inyamaze.

"Jumapili nilipigiwa simu na mtu wa kwenu," akasema. "Alitafuta namba yangu kwa watu wa kanisa. Ananipongeza. Anasema Hans amepata mke."

Nikapiga magoti pale kwenye saruji.

"Hans nilimzika ana miaka miwili. Ilikuwa homa. Mwaka huu ni wa thelathini na moja. Huyo mtu ananiambia Hans amepata mke, msichana mpole, mchapakazi, na mimi nikamsikiliza. Unaelewa? Sikumkatiza. Nikamsikiliza mpaka salio lake likaisha."

Nilimweleza yote, tangu barua mpaka jogoo. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele. Sikumficha la Calvin. Yeye aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilipomaliza nilifungua fundo la kanga, nikaweka miezi yangu minne kwenye ukingo wa ungo, na barua ya Mzee Mika juu yake. Akaisoma barua, akarudia kwa kidole pale palipoandikwa Hans, akaikunja, akaiweka kifuani. Fedha hakuigusa.

"Nilisema sita."

"Ndiyo, mama."

"Na nilisema sitaki matatizo ya watu mlangoni kwangu."

Prisca alikuwa amesimama nyuma yangu, amekumbatia mfuko. Mama Hans alimtazama kama Mama Maria alivyomtazama, muda mrefu, na nikaogopa kwamba naye sasa atachukua kitu.

"Minne," akasema. "Sikuongezei siku. Machi ikiisha, kama huna mingine, unatoka, na usinililie. Na jina la mwanangu lisitajwe tena huko kwenu."

Kahawa iliisha kabla ya Krismasi. Januari nilianza kunyoosha nguo Njiro, nyumba mbili, siku tatu kwa wiki. Inatulisha. Imemlipia Prisca daftari na viatu vya shule. Lakini haijawahi kufikisha hata nusu mwezi, na kila nilichoweka pembeni kilitoka tena kabla hakijalala. Niliomba kazi za ndani, za kulala huko huko. Zipo, ila hawataki mtoto. Mmoja aliniuliza kwani huna kwenu pa kumwacha. Nikasema sina. Mama alinipigia mara moja, kwa simu ya jirani. Alisema Calvin ameshahamia na wote ni wazima. Nilimuuliza kama naweza kuja hata Pasaka tu. Akasema jirani anataka simu yake.

Jana ilikuwa tarehe ishirini na mbili Machi. Nilikuwa nafua, Mama Hans akaingia na mwanamke wa umri wangu, amevaa vizuri, ana mkoba. Wakaenda moja kwa moja chumbani kwetu. Prisca alikuwa kitandani anaandika, akasogea ukutani, akavuta na madaftari yake ili mgeni aone ukubwa wa chumba.

Mgeni alikuwa mwungwana. Alitoka akaniuliza kama maji hayakatiki. Nikamwambia yanakatika Jumanne, achote Jumatatu. Akauliza kama majirani ni watu wazuri. Nikasema ni wazuri. Akauliza kama paa linavuja, nikasema kona moja tu, juu ya dirisha, na si sana.

"Na wewe unahamia wapi?" akaniuliza.

Mama Hans alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye ukuta, anasikiliza.

"Bado natafuta," nikasema.

Mgeni akasema pole, utapata. Akafungua mkoba wake akaanza kutoa fedha, na Mama Hans akamwambia waingie ndani kwake wakahesabu. Mimi nikakamua shuka, nikalianika, nikachukua jingine.